Oksidi ya Zinki Yenye Metali Adimu: Kabla Unga Haujaitwa Dawa

Oksidi ya zinki si mgeni katika huduma za afya. Ndiyo unga mweupe uliomo katika losheni ya kalamini inayopakwa kwenye ngozi inayowasha, katika krimu ya mtoto aliyechubuliwa na nepi, katika gundi ya plasta inayoshikilia bandeji, na katika saruji ya muda ambayo daktari wa meno huichanganya na yujenoli, mafuta yapatikanayo kwenye karafuu, ili kutuliza jino lililotoboka. Ni unga wa bei nafuu, tabia zake zinafahamika, na muuguzi wa zahanati ya kijijini huutumia bila wasiwasi.

Katika miongo ya karibuni unga huo umeingia maabara kwa sura mpya. Watafiti wa nchi nyingi wanautengeneza kwa chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita, kisha wanapachika ndani yake kiasi kidogo cha metali adimu za ardhi kama vile seriamu, lanthanamu na europiamu. Makala za kisayansi zinaeleza kwamba unga wa namna hiyo huua bakteria, huangamiza seli za saratani zilizooteshwa kwenye sahani, na husafisha maji yenye rangi za viwandani. Habari hizo hazibaki maabara. Zinamfikia kwa njia ya simu ya mkononi mgonjwa wa kisukari ambaye kidonda cha mguu wake hakijafunga kwa miezi kadhaa, naye anamuuliza mhudumu wake swali la haki: ikiwa unga huu unaua vijidudu, kwa nini kidonda changu hakijapakwa?

Swali hilo linastahili jibu kamili. Utafiti wa kutengeneza na kuchunguza miundo hii midogo una maana na unapaswa kuendelea. Hata hivyo, ahadi kubwa ya metali adimu kwa hospitali imo katika mwanga wake, unaoweza kusaidia kutambua ugonjwa, kuliko katika uwezo wa kuua vijidudu. Na hadi maswali machache ya msingi yatakapojibiwa, unga huo haupaswi kugusa kidonda wala ngozi ya mgonjwa yeyote nje ya utafiti ulioidhinishwa.

Namna unga unavyotengenezwa

Metali adimu za ardhi ni elementi 17: zile 15 za jamii ya lanthanidi, pamoja na skandiamu na itriamu. Kuzipachika ndani ya oksidi ya zinki hakuhitaji mitambo mikubwa. Chumvi ya zinki, kama asetati au naitreti, huyeyushwa katika maji. Chumvi ya metali adimu huongezwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi asilimia chache tu ya kiasi cha zinki. Kisha sodiamu haidroksaidi hudondoshwa taratibu huku mchanganyiko ukikorogwa, mpaka mashapo meupe yatokee. Mashapo huoshwa, hukaushwa, na kwa kawaida huchomwa katika tanuri kwa nyuzi mia kadhaa za Selsiasi. Watafiti wengine hufungia mchanganyiko katika chombo cha chuma na kuupika kwa joto na shinikizo, wakapata vijiti vyembamba badala ya chembe za mviringo. Wengine hutumia maji ya majani ya mimea kama mwarobaini au mlonge mahali pa baadhi ya kemikali.

Njia hii ya mwisho inahitaji tahadhari ya pekee katika jamii inayothamini tiba za mimea. Majani husaidia kuunda chembe, lakini kinachobaki baada ya kuchoma ni oksidi ya zinki na metali adimu ileile. Kuliita zao hilo dawa ya mwarobaini ni kumpotosha mgonjwa.

Chembe zinazopatikana huwa na upana wa makumi ya nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Udogo huo huufanya uso wa nje wa kila gramu kuwa mpana sana. Kwa hiyo unga hukutana na vijidudu vingi zaidi, na pia huyeyuka upesi zaidi kuliko unga wa kawaida.

Ugumu wa kwanza huanzia katika upachikaji wenyewe. Ayoni ya zinki ni ndogo na ina chaji mbili chanya. Ayoni ya metali adimu kwa kawaida ina chaji tatu na ni kubwa zaidi. Kuiingiza katika nafasi ya zinki ni sawa na kumkalisha mtu mzima katika kiti cha mtoto wa chekechea: wachache watajibana wakakaa, na waliobaki watasimama kando. Sehemu ya metali adimu huweza kubaki juu ya chembe, au kuunda oksidi yake yenyewe pembeni. Kipimo cha eksirei cha muundo wa fuwele huweza kuionyesha oksidi hiyo ikiwa nyingi, lakini kiasi kidogo huweza kukipita bila kuonekana. Hivyo makala inaposema metali imepachikwa, msomaji ana haki ya kuuliza kama kweli imekaa ndani, au unga uliopimwa ni mchanganyiko wa vitu viwili.

Ushahidi wa sahani na hali ya kidonda

Hamu ya kupata viua vijidudu vipya inaeleweka. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu kwa dawa. Kila mhudumu aliyewahi kupokea majibu ya maabara yanayoonyesha usugu kwa karibu dawa zote zilizomo katika stoo ya hospitali anafahamu uzito wa takwimu hiyo.

Oksidi ya zinki huathiri bakteria kwa njia zaidi ya moja. Huachia ayoni za zinki, ambazo zikizidi huvuruga kazi za ndani za bakteria. Inapopigwa na mwanga wa urujuanimno huzalisha kemikali kali za oksijeni. Na chembe zake zikigusana na utando wa bakteria huweza kuujeruhi. Watafiti hupachika metali adimu kwa matumaini ya kuongeza nguvu ya njia hizi, hasa ile ya mwanga.

Tatizo lipo katika namna nguvu hiyo inavyopimwa. Tafiti nyingi huweka unga kwenye sahani yenye bakteria na kupima upana wa duara lisiloota kitu. Kipimo hicho kilibuniwa kwa ajili ya dawa zinazoyeyuka na kusambaa. Chembe zisizoyeyuka husambaa kwa shida, na duara linaloonekana huweza kuwa kazi ya ayoni za zinki zilizoyeyuka, ambazo zingepatikana kwa chumvi ya zinki ya bei rahisi. Utafiti unaoaminika hulinganisha vitu vinne kwa pamoja: unga wenye metali adimu, oksidi ya zinki isiyo na metali hiyo, chumvi ya zinki yenye kiasi kilekile cha zinki, na oksidi ya metali adimu peke yake. Kisha hurudia yote gizani na kwenye mwanga. Bila ulinganisho huo, mafanikio huenda ni ya zinki, nayo metali adimu imepewa sifa isiyo yake.

Jambo la pili ni kiasi. Bakteria wa E. coli huhesabiwa kuwa anasikia siprofloksasini ikiwa anazuiwa na mikrogramu 0.25 au pungufu kwa mililita. Kwa oksidi ya zinki, viwango vinavyoripotiwa mara nyingi ni mamia ya mikrogramu kwa mililita, na wakati mwingine zaidi. Kwa kiasi kama hicho, seli za ngozi ambazo zingepaswa kufunga kidonda huweza kudhurika pamoja na bakteria.

Jambo la tatu ni mazingira. Majimaji ya kidonda yana albumini na fosfeti, na vyote viwili hukamata ayoni za zinki. Chini ya bandeji hakuna jua. Unga uliofanya vizuri katika maji safi chini ya taa ya urujuanimno hauna sababu ya kufanya vivyo hivyo ndani ya kidonda kilichofungwa.

Zaidi ya hayo, bakteria hujifunza. Kwa miaka mingi wafugaji wa nguruwe barani Ulaya waliwapa watoto wa nguruwe oksidi ya zinki kwa wingi ili kuzuia kuhara baada ya kuachishwa ziwa. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliamua matumizi hayo ya kitabibu yaondolewe, na muda wa mwisho ukawa Juni 2022. Sababu zilikuwa uchafuzi wa mazingira na hofu ya kukuza bakteria sugu. Katika baadhi ya bakteria aina ya Staphylococcus aureus wa mifugo, jeni inayowapa ustahimilivu wa zinki hukaa jirani na jeni inayowapa usugu kwa methisilini, hivyo zinki huweza kuwapendelea bakteria walewale ambao hospitali inapambana nao. Kumwaga zinki kiholela kwa jina la kupambana na usugu ni kuzima moto kwa mafuta.

Ngozi isiyo na kinga

Hatari iliyo wazi zaidi inawahusu watu wenye ualbino. Chini ya jua la Ikweta, wengi wao hupata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na losheni ya kukinga jua ni sehemu ya tiba yao. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, losheni hiyo imekuwa ikitengenezwa kwa ajili yao. Oksidi ya zinki ni miongoni mwa viambato vinavyoaminika zaidi kwa kazi hiyo duniani. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, katika pendekezo lake kuhusu viambato 16 vya losheni za jua, ilivitaja viwili tu kuwa na ushahidi wa kutosha wa usalama na ufanisi: oksidi ya zinki na oksidi ya titani. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya nayo iliona mwaka 2012 kwamba oksidi ya zinki ya nano hadi asilimia 25 haina hatari ikipakwa kwenye ngozi, ila isiwekwe katika vipulizo vinavyoweza kuvutwa hadi mapafuni.

Maoni hayo yalihusu oksidi ya zinki isiyopachikwa metali adimu. Hayawezi kuazimwa ili kuutetea unga mwingine. Oksidi ya zinki hunyonya mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 370 hivi na kushuka. Nishati hiyo huirusha elektroni kutoka mahali pake, na elektroni ikifika kwenye uso wa chembe penye maji na oksijeni, kemikali kali huzaliwa. Katika losheni nzuri, chembe mara nyingi hufunikwa kwa silika au kitu kingine ili kuzuia jambo hilo. Mtafiti anayetaka kusafisha maji hutafuta kinyume chake: hupachika metali adimu ili elektroni isirudi upesi, na kemikali kali ziongezeke. Kiasi na njia ya kutengeneza vikibadilika, metali ileile huweza kuzipunguza.

Kwa hiyo unga uleule huweza kusifiwa katika makala moja kwa kuvunja rangi chafu juani, na katika nyingine kupendekezwa kwa losheni ya jua. Sifa ya kwanza ni onyo kwa matumizi ya pili. Ngozi ya mtu mwenye ualbino haipaswi kuwa mahali pa kugundua ni lipi kati ya hayo mawili lililo kweli.

Somo la gadoliniamu

Madai kuhusu saratani yanahitaji maneno machache. Ndani ya seli kuna vifuko vyenye tindikali, na chembe za oksidi ya zinki zikiingia humo huyeyuka na kuachia zinki nyingi. Seli hufa, iwe ya saratani au nzima. Sabuni ya kufulia nayo huua seli za saratani kwenye sahani, lakini hakuna anayeiita tiba. Swali gumu ni kama unga unaweza kufika kwenye uvimbe na kuuacha mwili mwingine salama, na sahani haiwezi kulijibu.

Tiba tayari ina historia na metali adimu, na historia hiyo inafundisha subira. Kampaundi za gadoliniamu zilianza kuidhinishwa mwaka 1988 ili kuboresha picha za MRI, na zimesaidia wagonjwa wengi mno. Ilipofika mwaka 2006, miaka 18 baadaye, madaktari wa Ulaya waliuhusisha na kampaundi hizo ugonjwa unaokakamaza ngozi na viungo, uliowapata watu wenye figo zilizoshindwa kazi. Ilibainika kwamba hatari ilitegemea jinsi gadoliniamu ilivyofungwa: kampaundi zilizoishika kwa udhaifu ziliiachia mwilini. Baada ya kubadilishwa kwa aina zilizotumiwa na kuangaliwa kwa hali ya figo kabla ya kipimo, wagonjwa wapya wakawa nadra sana. Lanthanamu nayo hutolewa kama vidonge vya kabonati kwa wagonjwa wa figo ili kuzuia fosfeti isifyonzwe kutoka tumboni. Metali hizi si sumu kwa jina wala dawa kwa jina. Umbo, kiasi na njia ya kuingia mwilini ndivyo vinavyoamua, na kwa unga unaozungumziwa hapa mambo hayo matatu bado hayajapimwa vya kutosha kwa binadamu.

Kazi ambayo zinki peke yake haiiwezi

Iko kazi ambayo metali adimu huifanya kwa namna ya pekee, nayo ni kung'aa. Europiamu hutoa mwanga mwekundu na terbiamu mwanga wa kijani; taa za tyubu zilizoning'inia katika wodi kwa miaka mingi zimetegemea mwanga wa metali hizi. Kwa maabara ya hospitali, sifa muhimu zaidi ni kwamba mwanga wake hudumu. Rangi za kawaida za vipimo, na damu au mkojo wenyewe, zikipigwa mwanga hung'aa kwa muda mfupi mno unaohesabiwa kwa nanosekunde. Europiamu huendelea kung'aa kwa mamia ya mikrosekunde. Mashine ikisubiri kidogo kabla ya kupima, ung'aavu wa damu umekwisha zamani, na kinachosalia ni ishara ya kile kinachotafutwa.

Teknolojia hiyo si ndoto. Tangu miaka ya 1980 vipimo vya europiamu, vilivyoendelezwa hasa nchini Ufini, vimetumika kupima homoni katika tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga, ili kumtambua mwenye upungufu wa homoni ya tezi kabla ubongo wake haujaathirika. Mtoto anayetambuliwa mapema hutibiwa kwa kidonge cha kila siku na hukua kama wenzake. Vipo pia vipimo vya haraka vya karatasi, vya mfano wa vile vya malaria, vinavyotumia chembe za europiamu na kisomeo kidogo.

Oksidi ya zinki kama kibebeo cha europiamu ina faida ya kupatikana kwa bei nafuu. Ina udhaifu pia: nishati haihami kwa urahisi kutoka kwenye oksidi kwenda kwa europiamu, na suala la ayoni kukaa ndani au pembeni linarudi palepale. Lakini hapa kosa la utafiti haligharimu mguu wa mtu. Chembe hubaki kwenye karatasi au kwenye kijichupa, nje ya mwili, na kushindwa kwake kutaonekana kwenye mashine kabla ya kumfikia mgonjwa.

Yanayopaswa kufanywa

Vyuo vinavyotengeneza chembe hizi vinapaswa kuwaita madaktari, wafamasia na wataalamu wa maabara tangu swali la utafiti linapoandikwa. Wakiitwa baada ya unga kukauka, hubaki na kazi ya kuutafutia ugonjwa. Wahariri na wasimamizi wa tasnifu wadai ulinganisho ule wa vitu vinne, vipimo vya giza na mwanga, na kiasi cha zinki kinachoyeyuka. Makala isiyo na hayo isiruhusiwe kuhitimisha kwa neno tiba. Wanaofanya kazi na unga mkavu nao wajikinge wasiuvute. Moshi wa oksidi ya zinki huwaletea mafundi wa kuchomelea mabati homa na maumivu ya kifua, na hakuna sababu ya kudhani kwamba vumbi jembamba zaidi ni salama kwa mapafu.

Mhudumu wa afya anayeonyeshwa kopo lenye neno nano aangalie kama limesajiliwa. Nchini Tanzania dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA, na vipodozi na TBS. Bidhaa isiyosajiliwa inayodai kutibu vidonda iripotiwe, na mgonjwa asikemewe kwa kuileta, kwa kuwa amekuja nayo mahali sahihi.

Mgonjwa mwenye kidonda cha kisukari ana mambo yaliyothibitishwa ya kumwokolea mguu: sukari iliyodhibitiwa, kidonda kusafishwa na kuondolewa nyama iliyokufa, mguu kutokanyagiwa, na antibayotiki inapohitajika kwa muda ulioagizwa. Mtu mwenye ualbino aendelee na losheni iliyosajiliwa, kofia pana, mikono mirefu, na uchunguzi wa ngozi wa mara kwa mara. Krimu ya zinki ya kawaida na losheni ya kalamini hazihusiki na tahadhari hizi, na hakuna haja ya kuzitupa.

Na lile swali la mgonjwa, kwa nini kidonda chake hakijapakwa unga huo, lijibiwe kwa ukweli. Unga umeonyesha nguvu kwenye sahani. Haujaonyesha kwamba unaweza kuacha nyama yake salama, wala kwamba metali iliyoongezwa inafanya lolote ambalo zinki ya kawaida haifanyi. Siku utakapoonyesha hayo, atakuwa miongoni mwa watu wa kwanza wanaostahili kuupata.